Wanda Mmoja na Nusu

Siku tatu kabla msafara wake haujaondoka Bagamoyo, Abdullatif bin Nasor alikuwa hawezi kukaa kitako. Akiketi barazani, husimama kabla kahawa haijapoa. Akisimama, huenda mpaka mlangoni, akaitazama njia, akarudi, akagusa kamba za mizigo aliyokwisha igusa asubuhi. Ulikuwa mwezi wa Januari, mwaka 1886. Kaskazi ilikuwa inavuma, joto limekaza, na kila aliyeijua njia ya bara alisema neno lilelile: atakayechelewa atakutana na masika katika mbuga za Mkata, na huko maji hayamuulizi mtu ana haraka gani.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza. Baba yake, marehemu Nasor, alikwenda Unyanyembe mara tatu na akarudi mara tatu. Alikuwa amezikwa mwaka mzima sasa, lakini jina lake lilikuwa bado linatajwa sokoni kama la mtu aliyetoka kidogo tu. Aliacha wana wawili. Mkubwa, Hamoudi, alizaliwa na bibi wa Kiarabu aliyeolewa kutoka Maskati. Mdogo, Abdullatif, alizaliwa na Miza, suria, mwanamke wa bara aliyefika pwani akiwa mtoto. Bwana wake alipokufa, Miza akawa huru kwa sheria. Alipewa nyumba ndogo ya makuti katika mtaa wa Dunda, akawa anaishi humo peke yake na ukili wake wa kusuka mikeka.

Hamoudi ndiye aliyemwachia mdogo wake safari. Siku aliyomwachia, alifungua sanduku akatoa mabuti ya baba yao: ya ngozi nyekundu, yanafunika kifundo, yameshonwa Bombay, yana kamba mbele na pua iliyochongoka.

"Vaa haya," alisema. "Watu wa bara wanayajua."

Abdullatif akayavaa palepale. Kwa urefu yalikuwa kamili. Mbele ya dole gumba ilibaki nafasi ya nusu ya kidole, kama inavyotakiwa. Alisimama, akapiga hatua. Hamoudi aliyatazama ubavuni, pale ngozi ilipofura na kumwagika nje ya soli. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, akainama kulifunga sanduku.

Abdullatif aliuona ule mdomo ukifunguka na kufungwa, na akaufasiri kwa njia yake. Tangu utotoni alijua kwamba miguu yake si ya upande wa baba. Walipovua viatu kwenye mlango wa msikiti, miguu ya Hamoudi na ya binamu zao ilikuwa myembamba, mirefu, vidole vimelaliana kama samaki katika pakacha. Yake ilikuwa mipana mbele, vidole vimetengana, kila kimoja kimeshika nafasi yake. Alipokuwa na miaka saba, binamu mmoja alimwambia mbele ya watu, "Una miguu ya mpagazi." Tangu siku hiyo hukunja miguu chini ya kanzu kila anapoketi.

Kwa hiyo hakumwambia mtu kwamba mabuti yanambana. Asubuhi, miguu ikiwa imepoa, aliyavaa akayazungusha uani, na maumivu yalikuwa ya kuvumilika. Ikifika alasiri, alihisi kama mtu ameushika mguu wake kwa koleo. Alijiambia kuwa ngozi itafunguka.

Alikwenda kumuaga mama yake akiwa ameyavaa. Miza alimwona tangu anakata kona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Latifu, mbona unatembea kama mtu aliyekanyaga makaa?"

"Ni viatu tu. Bado vipya kwangu, vitafunguka."

"Ngozi hiyo imekuzidi umri. Kama ni ya kufunguka, ingekwisha funguka." Miza aliweka ukili chini. "Pita kwa Mwishehe, hapo nyuma ya kisima. Avitazame."

"Mwishehe anashona makubadhi ya wavuvi, Mama. Hivi ni viatu vya Baba."

"Navijua," alisema Miza. "Hivyo viatu nilivijua njiani, kabla hujazaliwa. Siku ile..."

Lakini Abdullatif alikuwa amekwisha simama. Alisema wapagazi wanamngoja, akaubusu mkono wa mama yake, akaondoka.

Waliondoka alfajiri ya siku ya tatu, wapagazi sitini na bendera mbele. Kirongozi alikuwa Mwinyijuma, mtu wa makamo, mweusi tititi, aliyeijua njia ya Unyanyembe kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake. Yeye alivaa ndara za ngozi ya nyati zilizochongwa kufuata mguu wake, zenye gidamu nene kati ya vidole. Walivuka mto Kingani kwa mitumbwi siku ileile, na upande wa pili Abdullatif akaanza kuhimiza mwendo.

Hakuhimiza kwa sababu ya masika peke yake. Aligundua kwamba akitembea, maumivu yanakuwa kama kelele ambayo mtu anaweza kuizoea. Akisimama, yanarudi na kumtafuta kidole kimoja kimoja. Basi hakutaka kusimama. Wapagazi walipotua mizigo kupumzika, yeye alizunguka miti. Walipopika, alikwenda mbele kuitazama njia ya kesho. Siku ya pili Mwinyijuma alitembea nyuma yake kwa muda mrefu, akiitazama miguu yake.

"Bwana mdogo," alisema mwishowe, "soksi yako ina damu."

"Ni mwiba."

"Mwiba umeingiaje ndani ya buti?"

Abdullatif aliitazama njia. Akaongeza hatua.

Siku ya tatu malengelenge yalipasuka. Siku ya nne, katika jua la saa nane, miguu ilivimba kwa joto na kwa mwendo, na ngozi nyekundu ya Bombay haikusogea hata kidogo. Walipopiga kambi karibu na Lugoba alikaa juu ya mzigo wa nguo akajaribu kuvua. Buti la kulia lilitoka. La kushoto halikutoka. Mwinyijuma alikata kamba zote kwa kisu, akamwagia maji, akavuta taratibu, na lilipotoka lilitoka na ngozi ya ubavu wa kidole kidogo. Ukucha ulikuwa mweusi. Kwenye mfupa unaotokeza chini ya dole gumba palikuwa na kidonda kirefu kimeanza kunuka.

Kesho yake alikuwa na homa. Aliagiza safari iendelee. Alisimama kwa kuegemea bunduki, akapiga hatua mbili, akaanguka juu ya majani. Wapagazi waliangalia pembeni, kwa heshima.

Mwinyijuma alichutama karibu naye. "Mwanangu, nisikilize. Mbele yetu kuna miezi mitatu. Kwa mguu huo utafika Mkata umekufa, na hapo ndipo watu watatawanyika. Rudi. Nitakaa na msafara hapa hapa, Wakwere wa hapa ni watu wangu."

"Hamoudi akijua nimerudi atakuja kuuchukua msafara."

"Atakuja, au hatakuja. Mguu hauoti mwingine."

"Siku kumi na nne," alisema Abdullatif. "Nipe kumi na nne. Nisipoonekana, mpelekee habari Hamoudi."

Basi akabebwa kwa machela, mabuti kando yake, watu wanne wakipokezana usiku na mchana, njia ileile aliyoipita kwa haraka. Aliwaambia wasimpitishe mjini. Jioni ya siku ya pili walimshusha mlangoni kwa Miza.

Miza hakuuliza. Alichemsha maji ya chumvi, akaosha vidonda, akapaka asali na manjano, akafunika kwa kitambaa safi. Usoni hakuonyesha kitu. Alipomaliza tu alisema, "Kesho nitamwita Mwishehe," na safari hii mwanawe hakubisha.

Mwishehe alikuja baada ya alasiri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kidole gumba kilichopinda kwa miaka ya kusukuma msharasi wa kutobolea ngozi. Miza alikuwa amemtaka aje asubuhi, naye alikataa.

"Asubuhi mguu unasema uongo," alieleza, akiketi mkekani. "Umelala, umenywea, unakubali kila kitu. Mimi huupima mguu uliochoka. Simama, bwana."

"Nipime nikiwa nimekaa. Nina vidonda."

"Ukikaa nitampimia mtu anayekaa. Wewe unataka viatu vya kutembea."

Abdullatif alisimama, mkono ukutani. Mwishehe akamtazama, kisha akaenda pembeni akachukua kapu la mchele la Miza, akampa alishike. "Msafiri hasimami mtupu," alisema. Akamkanyagisha majivu aliyoyamwaga juu ya ubao ili alama zibaki, mguu mmoja kisha mwingine, akatoa kiunoni vipande vya ukindu na kisu kidogo.

Alipima urefu kwanza, akakata ukindu. Kisha akapima pale mguu unapokunjika, kutoka mfupa wa dole gumba mpaka mfupa wa kidole kidogo, akakata. Akazungusha ukindu mwingine mahali hapohapo juu na chini, akakata. Akapima mgongo wa mguu, akapima kisigino. Akafanya hivyo kwa mguu wa pili, na hakutumia vipande vya kwanza.

"Si umekwisha pima?" Abdullatif aliuliza. Jasho lilikuwa linamtoka, na alitaka kukaa.

"Nimepima wa kulia. Wa kushoto ni ndugu yake, si yeye." Akalinganisha vipande. "Unaona? Wa kushoto umezidi. Ndiyo maana ndio ulioumia zaidi. Sasa nipe hayo mabuti."

Akaweka ukindu wa urefu ndani ya buti. Ulienea sawasawa. Akaugeuza uso kumtazama Abdullatif ili ahakikishe kwamba ameona. Kisha akaweka ukindu wa upana juu ya soli, pale buti linapokunjika. Ukatokeza nje. Mwishehe akaweka kidole chake juu ya kile kipande kilichotokeza, kisha akaweka nusu ya kidole kingine.

"Wanda mmoja na nusu," alisema. "Hicho ndicho kilichokosa mahali pa kukaa. Kimekaa juu ya mwenzake, kimekaa ukutani, kimekula nyama yako. Watu wawili wanaweza kuwa na mguu wa urefu mmoja, huyu avae kiatu na yule kimuue. Kila mtu huniuliza urefu. Upana hakuna anayeuuliza, kwa sababu urefu ukikosea unaujua dukani, na upana ukikosea unaujua porini."

"Ngozi haiwezi kuvutwa?"

"Ya mbuzi, kidogo. Hii imeshonwa kwa soli nyembamba. Ukivuta juu, mguu utaning'inia nje ya soli kama ulivyokuwa unaning'inia. Hapana." Aliviweka vipande vyake pamoja, akavifunga kwa uzi, vya kulia mbali na vya kushoto mbali. "Huu ni mguu mzuri sana, bwana. Imara. Unatandaa ukibeba mzigo. Nani kwenu mwenye mguu kama huu?"

Abdullatif alikuwa amekaa tayari, na mkono wake ulikuwa unatafuta shuka ya kufunika miguu. Miza, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akavua kandambili zake za mti akanyoosha mguu mmoja mbele. Ulikuwa uleule, mdogo tu na wenye nyufa kisiginoni.

Mwishehe alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa hati ya shamba. Akaaga, akasema atarudi siku ya nne, akaondoka.

Abdullatif alitaka kusimama. Ilikuwa desturi yake: mazungumzo yakielekea upande ule, yeye huwa na mahali pa kwenda. Lakini miguu haikumruhusu, na mama yake alikuwa mlangoni.

"Nilitaka kukuambia siku ile," alisema Miza. "Baba yako hakutembea na mabuti hayo."

"Alikwenda nayo Unyanyembe mara tatu."

"Yalikwenda. Yalikwenda yamefungwa kwa kamba ubavuni mwa punda. Na yeye alikuwa juu ya punda, kavaa makubadhi. Kila tulipokaribia mji, alishuka, akaketi kwenye kigoda, akavishwa mabuti, akaingia kwa miguu watu wamwone. Tukitoka, yakavuliwa." Miza aliutazama mguu wake mwenyewe. "Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Tulifungwa kamba, na mimi nilikuwa wa kwanza katika kamba, kwa hiyo punda alikuwa mbele yangu. Miezi miwili nilitazama mabuti yale yakibembea. Naujua kila mshono wake. Nilikuwa nikiyahesabu matundu ya kamba ili nisiwaze mambo mengine."

Abdullatif aliyatazama mabuti pale sakafuni. Nje mtu alipita akiswaga mbuzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila nilipoanza habari za njia ile, ulisimama."

Abdullatif aliangalia chini, akaona kwamba mguu wake uko wazi, na hakuufunika.

"Njia nzima ulitembea bila kiatu?"

"Bila kitu."

"Ulitoka wapi, Mama?"

Lilikuwa swali ambalo mtoto huuliza akiwa na miaka mitano. Miza alilisubiri miaka ishirini, na lilipokuja alijibu polepole, kama mtu anayeokota punje. Alisema kwao ni nyuma ya milima ya Mpwapwa, mwendo wa siku moja kufuata kijito ambacho hakikauki. Alisema jina la mjomba wake. Alisema alimwacha mdogo wake wa kike anayenyonya, na jina la mtoto huyo lilikuwa limempotea. Alikuwa akilitafuta kichwani na halipatikani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa Abdullatif. Vidonda vilikauka polepole kuliko alivyotaka. Alihesabu siku za Mwinyijuma, akawaza wapagazi wakitoroka wawiliwawili kwenda makwao, akawaza mvua. Kila upepo ulipogeuka alimtuma mama yake atazame mawingu ya upande wa bara. Miza alimpa ukili asuke, naye akausuka vibaya, akaufumua, akausuka tena.

Siku ya nne Mwishehe alileta viatu. Vilikuwa vya ngozi ya mbuzi juu na ya ng'ombe chini, vifupi, bila pua ya kuchongoka. Mbele vilikuwa butu kama mtumbwi uliokatwa. Abdullatif aliingiza mguu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Bagamoyo vidole vyake vikalala kila kimoja mahali pake.

"Hapa napumua," alisema. "Vimeenea. Kesho naondoka."

"Tembea kwanza."

Akatembea uani mara tatu. Mwishehe alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, shavu chini, akitazama visigino vikipita.

"Kisigino kinapanda," alisema. "Vinapwaya."

"Afadhali vipwaye kuliko vibane."

"Kinachobana kinakula ubavu, kinachopwaya kinakula kisigino. Mguu haujali umeliwa na nani. Nilikosea, niseme ukweli. Niliona ubavu wako nikakupa nafasi kila mahali. Wewe ni mpana mbele tu; nyuma ni mwembamba kama watu wa baba yako." Akanyoosha mkono. "Vua."

"Lini vitakuwa tayari?"

"Siku tatu."

"Siku tatu sina."

"Basi nenda na kidonda kingine," alisema Mwishehe, bila hasira. Abdullatif akavivua.

Siku ya pili ya zile tatu, Hamoudi alikuja. Bagamoyo haifichi kitu. Mbeba machela mmoja alikuwa amezungumza na mtu kisimani. Hamoudi aliingia kwa kupiga hodi, akamwamkia Miza kwa adabu, akaketi. Aliitazama miguu ya mdogo wake kwa muda mrefu, vidonda vyekundu vilivyoanza kufunga.

"Umekuja kuchukua msafara," alisema Abdullatif.

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Ulijua tangu siku ile. Ulitaka kusema, ukanyamaza. Sema sasa. Nina miguu ya mpagazi, sema."

Hamoudi alishangaa kweli. "Hilo ndilo ulilodhani?" Alivua kofia akaishika mikononi. "Latifu, niliona hayakuenei. Mabuti yale yananienea mimi. Niliyajaribu siku tuliyomzika Baba, yalikuwa kama yameshonwa kwa ajili yangu. Nikasema, nikimwambia hayamwenei, ataniuliza, 'Basi mbona huyavai wewe?' Na mimi sitaki kwenda bara. Naogopa. Baba alikuwa anajua, alikufa ananijua hivyo. Nikanyamaza, nikakuacha uende na viatu visivyo vyako ili mimi nibaki."

Miza alikuwa amesimamisha mikono juu ya ukili.

"Ukisema niende, nitakwenda," Hamoudi aliendelea. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitaondoka kesho. Ni haki yako kunituma."

Abdullatif aliliwaza jambo hilo. Lilikuwa na ladha, hakuweza kukana. Kumwona Hamoudi akivuka Kingani na mabuti ya Bombay. Lakini alipotazama mikono ya ndugu yake, aliona inazungusha kofia, inaizungusha bila kusimama. Alijua hali ile kwa ndani.

"Baki," alisema. "Nitakwenda mwenyewe viatu vikiwa tayari. Ila nikirudi, usinifiche tena jambo linaloonekana."

Viatu vilikuja siku ya kumi ya zile kumi na nne, saa za asubuhi. Mwishehe alikuwa amefumua nyuma yote, akapunguza kisigino, akaongeza kipande cha ngozi laini kwa ndani, na kamba akazipanga kwa makundi mawili: za chini za kulegeza, za juu za kukaza. Mbele hakugusa. Safari hii alimtembeza mpaka kisimani na kurudi, na kapu la mchele kichwani, akalala tena chini kutazama. Kisigino kilitulia.

"Sikiliza," alisema Mwishehe. "Asubuhi kaza za juu, za chini ziache nusu. Jua likipanda, kaa, legeza za chini. Mguu utafura, uache ufure, una nafasi. Siku tano za kwanza usitembee alasiri. Ukitembea alasiri, usije kunitukana mimi."

"Nina siku nne tu za kufika Lugoba."

"Utafika kwa tano."

Alifika kwa tano. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko kidonda. Kila alasiri alikaa chini ya kivuli cha mti wowote uliopatikana, kamba zimelegezwa, miguu imenyooshwa mbele ya watu, na nafsi yake ikimwambia inuka, Mwinyijuma anahesabu, wapagazi wanakwenda. Mara mbili aliinuka. Mara mbili alikumbuka siku zile za ukili, akakaa. Jioni aligusa mahali penye vidonda. Palikuwa panawasha, hapakuwa pamepasuka.

Siku ya kumi na tano alikuta kambi imefunguliwa nusu. Mwinyijuma alikuwa anafunga mkeka wake.

"Nilituma mtu Bagamoyo jana," alisema. "Hamkukutana?"

"Hatukukutana. Wamebaki wangapi?"

"Arobaini na sita, ukiwahesabu wabeba machela wako. Kumi na wanne wamekwenda, mizigo wameiacha, si watu wabaya." Mwinyijuma alitazama chini, akachutama, akaubonyeza ubavu wa kiatu kwa kidole gumba, kisha nyuma. Aliinuka akaenda kuwaambia wapagazi wagawane mizigo upya, na mizigo minne iliyozidi akaiacha kwa jumbe wa pale.

Walikutana na mvua katika mbuga za Mkata, kama watu walivyosema, wakakaa humo siku nane kwenye matope. Walipoteza mizigo miwili na mtu mmoja, aitwaye Rajabu, kwa homa. Walifika Unyanyembe mwezi wa tano na wakarudi pwani mwaka uliofuata. Viatu vilitiwa soli mara tatu njiani. Ukucha wa kidole kidogo cha kushoto haukuota tena.

Siku ya kurudi, Abdullatif alipita kwa Miza kabla ya kwenda kwa Hamoudi. Alimwambia kwamba alikaa Mpwapwa siku tatu, akaacha msafara na Mwinyijuma, akafuata kile kijito na mtu wa huko aliyejua lugha. Mji wenyewe ulikuwa umehama. Mjomba alikuwa amekufa. Lakini yule aliyekuwa ananyonya yuko hai, ameolewa, ana watoto wanne, na alimpikia uji wa uwele akamtazama anavyokula.

Miza alikaa kizingitini na mikono mapajani.

"Anaitwaje?" aliuliza.

Abdullatif akamtajia jina. Miza alilirudia kwa sauti ya chini, mara moja, kisha mara ya pili kwa lafudhi nyingine, ya huko, ambayo mwanawe hakupata kuisikia kinywani mwake.